Shehena ndani ya Mi-17: dalili, chanzo na marekebisho

Helikopta ya mizigo haifichi kosa la mpakiaji. Kosa litajionyesha ndege ingali chini, au ikiwa angani, au siku rubani anapolazimika kutua kwa kishindo. Tofauti ni gharama. Kosa la chini linagharimu nusu saa ya jasho, la angani linaweza kugharimu kila aliyemo ndani.

Haya nawaandikia wapakiaji: askari wa usafirishaji, vijana wa uwanjani na yule anayejaza karatasi ya uzito. Nimechagua Mi-17, ambayo ni jamii moja na Mi-8MTV, kwa sababu ndiyo helikopta ya mizigo ambayo askari wengi wa ukanda wetu wameikaribia. Kwa miaka mingi imebeba unga, risasi, jenereta na majeruhi huko Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, katika ulinzi wa amani ambao Tanzania imechangia wanajeshi kwenye Brigedi ya Kuingilia Kati iliyoundwa mwaka 2013. Mengi ya humu yanafaa pia kwa helikopta nyingine. Ila tarakimu za mwisho ni zile za kitabu cha ndege iliyo mbele yako, na neno la mwisho ni la mhudumu wa ndege anayesimamia shehena. Katika Mi-17 huyo mara nyingi ndiye injinia wa ndege.

Kwanza ijue nafasi yenyewe. Chumba cha mizigo kina urefu wa mita 5.3 hivi, upana wa mita 2.3 na kimo cha mita 1.8. Uzito wa juu kabisa wa kuruka ni kilo 13,000, na ndani inaruhusiwa kubeba hadi kilo 4,000. Wengi huishika hiyo 4,000 wakasahau 13,000. Ndege tupu ina zaidi ya tani 7. Ongeza watu watatu wa kuiendesha na tani 2 za mafuta, utaona nafasi iliyobaki ni ya tani 3 na nusu tu, na hapo hatujazungumzia joto wala mlima.

Ndege inanyanyuka kwa shida, au hainyanyuki

Rubani anaongeza nguvu, magurudumu yanakuwa mepesi, kisha ndege inakaa palepale ikitetemeka. Au inanyanyuka mita moja, injini zikiwa karibu na kikomo, na rubani anairudisha chini. Mara nyingi watu wa uwanjani huanza kunong'ona kuhusu injini. Anza na mzigo.

Chanzo cha kwanza ni uzito wa kukisia. Gunia lililoandikwa kilo 50 lina kilo 50 likiwa kavu. Likilala nje usiku wa mvua, maandishi yale hayana maana tena. Uzito wa paleti, yaani jukwaa la mbao la chini, haukuandikwa popote. Turubai, nyavu, minyororo na mbao za kutandika pia ni uzito, na ni uzito ambao karibu kila mara unasahaulika. Halafu kuna abiria: askari aliyevaa fulana ya kinga na kofia ya chuma, mwenye bunduki, risasi, maji na mkoba wa siku tatu, hawezi kuhesabiwa kilo 75. Mpandishe kwenye mizani na vyote alivyobeba. Pasipo mizani ya abiria, tumia uzito wa askari mwenye zana uliowekwa na kikosi, usitumie ule wa msafiri wa kawaida.

Chanzo cha pili ni hewa. Uwanja wa Goma uko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa ya pale inakuwa nyepesi kama ile ambayo katika hali ya kawaida ungeikuta kwenye mita 2,400 hivi. Rota, yaani mapanga ya juu yanayozunguka, inashika hewa kidogo, injini nazo zinavuta hewa kidogo, kwa hiyo mzigo ulioondoka bila taabu saa kumi na mbili asubuhi unaweza kukataa kabisa saa nane mchana. Ikiwa unapelekwa kwenye nyanda za juu zaidi, kinachohesabiwa ni kiwanja cha kutua huko, kwa sababu huko ndiko ndege itakakosa nguvu. Kabla ya kuanza kupakia, muulize rubani swali moja: "Leo unaruhusu kilo ngapi, na umehesabu kwa saa ngapi?" Akisema asubuhi na gari la mizigo likachelewa hadi mchana, muulize tena.

Marekebisho hayana ujanja. Shusha mzigo, pima kila kitu na andika upya. Kupunguza "magunia mawili matatu" kwa macho ni kukisia mara ya pili.

Pua iko juu, fimbo ya rubani imekwenda mbele mno

Dalili hii unaiona ndege inapotoka chini. Magurudumu ya nyuma yanachelewa kuachia ardhi, pua inainuka, na rubani inambidi asukume fimbo mbele kuliko kawaida ili ndege isirudi nyuma. Hapo kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa ndege unalingana, kiko nyuma mno. Hatari yake ni kwamba fimbo ina mwisho. Ikifika mwisho na pua ingali juu, rubani hana kitu kingine cha kusukuma.

Mi-17 inaning'inia chini ya rota moja, na njia nzima ambayo kitovu cha uzito kinaruhusiwa kusogea, kutoka mbele kabisa hadi nyuma kabisa, haifiki nusu mita. Chinook, yenye rota moja mbele na nyingine nyuma, huvumilia zaidi. Ndiyo maana aliyezoea kuipakia Chinook akija kwenye Mi-17 anahitaji kuonywa.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha uzito uliosogezwa kwa umbali uliosogezwa, kisha gawanya kwa uzito wa ndege nzima. Kreti ya kilo 500 ikiwekwa mita 1.2 nyuma ya mahali pake, katika ndege ya kilo 11,000, inasogeza kitovu cha uzito karibu sentimita 5.5. Kreti moja tu imekula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya njia yote.

Jinsi tunavyofika hapo ni ya kila siku. Mzigo mzito ulikuja na gari la mwisho, ukaingia mwisho, ukabaki karibu na mlango kwa sababu vijana wamechoka na huko mbele kumeshajaa. Mikoba ya abiria ikarundikwa kwenye eneo la milango ya nyuma. Kwenye Mi-17 zenye milango miwili inayofunguka pembeni, eneo lile si sakafu ya mizigo. Mikoba kumi na tano ya askari pale ni uzito mkubwa, mbali na rota, mahali pasipo na pete za kufungia.

Ukutani mwa chumba cha mizigo kuna mishale iliyochorwa pamoja na tarakimu za uzito. Si mapambo. Inakuonyesha kitovu cha mzigo wa uzito fulani kikae wapi. Kwa hiyo kabla mzigo haujaingia, tafuta kitovu chake na ukichore kwa chaki. Kwa kreti iliyojazwa sawasawa ni katikati. Kwa jenereta si katikati, kwa kuwa injini iko upande mmoja na ni nzito kuliko upande wa umeme au tangi. Iweke juu ya bomba, iviringishe polepole mpaka ikae bila kuinama, kisha chora mstari. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na inaondoa ubishi wote utakaofuata ndani.

Pua ikiinama badala ya kuinuka, chanzo ni kilekile kwa upande wa pili: mzigo umesukumwa mbele mpaka ukutani. Ndege ikiegemea upande mmoja inapotoka chini, angalia kama mapipa yamepangwa yote kushoto ili kuacha njia ya kupita kulia. Njia ni lazima iwepo, lakini weka na kitu cha kulingana na mapipa hayo.

Mikanda ilikazwa vizuri, sasa imelegea

Rota ya Mi-17 huzunguka mara 192 kwa dakika na ina mapanga matano. Ukipiga hesabu, sakafu na kila kilicho juu yake hutikiswa mara 16 kila sekunde. Magunia ya unga yaliyopangwa yakaonekana imara yatajaza kila mwanya uliokuwa kati yao. Rundo linashuka sentimita mbili, tatu. Mkanda uliokuwa unalia ukiugusa sasa unapepea.

Kwa hiyo mkanda uliolegea baada ya dakika kumi angani si lazima uwe mkanda mbovu. Mzigo wenyewe umejipanga upya. Dawa ni kukagua mara tatu: baada ya kufunga, baada ya injini kuwaka na rota kuzunguka kwa muda, na mapema baada ya kuruka. Hiyo ya tatu ni ya mhudumu wa ndege, akiwa amefungwa kamba yake ya usalama, na unamsaidia ukiacha vishikio vya racheti, yaani kifaa cha kukazia mkanda, upande anaoweza kufika. Vishikio vilivyogeukia ukuta, nyuma ya rundo la magunia, havitakazwa na mtu yeyote.

Sasa iangalie racheti yenyewe kwa karibu. Mkanda uingie kwenye ufa wa roda, uvutwe kwa mkono mpaka usiwe na ulegevu, ndipo kishikio kianze kazi. Kitambaa kizunguke roda kama mara mbili hadi tatu. Kikizunguka chini ya mara moja na nusu, kinaweza kuteleza. Kikirundikana zaidi ya hapo, roda inajaa, meno yanakwama, na utadhani umekaza kumbe umejaza tu. Kishikio kilale chini kabisa mpaka komeo liingie. Mkanda uliobaki ukunjwe na kufungwa, maana ncha inayopeperuka mlangoni hujikatakata na hunasa miguu.

Kwa mizigo laini kama magunia, mablanketi na maboksi ya karatasi, mikanda peke yake haitoshi. Inazama ndani ya mzigo, inakata boksi la pembeni na kulegea. Tumia wavu juu ya rundo lote, weka mbao au kadibodi ngumu kwenye kingo, kisha kaza wavu kwenye pete za pande zote nne. Usipange magunia kama mnara. Panga kama matofali, kila safu ikifunika maungio ya safu ya chini.

Mzigo umesogea mbele ingawa mikanda ni mingi

Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapohesabu kisichohesabika. Mkaguzi anauliza "umefunga mikanda mingapi?", anajibiwa "sita, afande", anaridhika. Hajauliza mikanda hiyo inavuta kuelekea wapi.

Mkanda unaopita juu ya kreti kutoka pete ya kushoto hadi ya kulia unaikandamiza chini. Unazuia isiruke juu, na unasaidia kidogo pembeni. Ndege ikisimama ghafla, mkanda huo haurudishi kreti nyuma. Kinachobaki ni msuguano, na kwenye sakafu ya chuma yenye maji au mafuta, msuguano si kitu cha kutegemea. Unaweza kufunga mikanda kumi ya aina hiyo na kreti ikateleza chini yake.

Anayezuia mzigo usiende mbele ni mkanda ulioshika mzigo kisha ukashuka kwenye pete iliyo nyuma zaidi ya pale uliposhika. Vivyo hivyo kinyume chake: wa kuzuia usirudi nyuma hushuka kwenye pete ya mbele. Na kila mkanda uwe na mwenzake upande wa pili, kwa pembe ileile.

Pembe ndiyo inayoamua nguvu. Tuchukue mfano kamili. Jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa shehena ya ndani ya Chinook, hutaka mzigo uzuiliwe kwa mara 4 ya uzito wake kwenda mbele, mara 2 kurudi nyuma, mara 2 kwenda juu, na mara 1.5 pembeni. Mkanda wao wa kawaida una uwezo wa pauni 5,000, yaani kilo 2,270 hivi. Natumia tarakimu hizo kwa mazoezi, wewe utaweka za ndege yako.

Mzigo ni kilo 1,000. Kwenda mbele unahitaji kuzuia kilo 4,000. Ukifunga mkanda kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni, na nyuzi 30 kutoka mstari wa urefu wa ndege, nguvu inayozuia kwenda mbele ni robo tatu ya uwezo wake, yaani kilo 1,700 hivi. Mikanda miwili inatoa 3,400, haitoshi. Mitatu inatosha kwa hesabu, lakini tunafunga kwa jozi, kwa hiyo ni minne. Ongeza miwili ya kuzuia nyuma: nayo inatoa 3,400, na hitaji ni 2,000. Hapo una mikanda sita, na ukikagua utakuta pia imezuia juu na pembeni kwa ziada, kwa kuwa kila mkanda wa pembe hiyo huvuta chini kwa nusu ya uwezo wake na pembeni kwa zaidi kidogo ya sehemu mbili za tano.

Sasa badilisha jambo moja tu. Nafasi imebana, pete iko karibu na kreti, mkanda unasimama kwa nyuzi 60 kutoka sakafuni. Nguvu ya kuzuia mbele inashuka kutoka kilo 1,700 hadi 980 hivi. Mikanda minne ileile sasa inazuia kilo 3,900, na haifikii. Mkanda haujachakaa, racheti haijakosewa, idadi ni ileile. Aliyetazama kwa mbali hataona tofauti.

Basi ukikuta mzigo umesogea, usikimbilie kuongeza mikanda. Piga magoti, tazama kila mkanda kutoka pembeni na kutoka juu, na jiulize unavuta wapi. Mara nyingi kuusogeza mzigo kidogo ili pete inayofaa ipatikane kunaleta nguvu kuliko mikanda miwili mipya. Ndiyo sababu mpango wa kufunga unatangulia kupakia. Mzigo ukishakaa mahali pabaya, pete nzuri zimefunikwa.

Angalia na pete yenyewe. Mkanda wa kilo 2,270 kwenye pete ya uwezo mdogo kuliko huo ni mkanda wa uwezo wa pete. Mikanda miwili inayovuta upande mmoja ikigawana pete moja, pete hiyo ndiyo kikomo cha yote miwili. Na mahali unaposhika kwenye mzigo pia pana uwezo wake. Mshikio wa kreti wa kubebea kwa mikono haukutengenezwa kuzuia mara nne ya uzito.

Watu huwaza mbele, wakasahau nyuma. Tarehe 29 Aprili 2013 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 iliondoka Bagram, Afghanistan, ikiwa na magari matano ya kijeshi ya deraya. Angalau gari moja lilikatika kwenye vifungo ndege ilipokuwa ikipaa, likarudi nyuma na kuharibu mitambo ya kuongozea mkia. Wote saba waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa Marekani walisema taratibu za kufunga mzigo wa aina ile hazikutosha. Haikuwa helikopta, lakini mkanda haujui umepanda ndege gani.

Nina neno pia kuhusu abiria. Ikiwa watu na mzigo mzito wanasafiri pamoja, usimkalishe mtu mbele ya mzigo wakati nafasi ipo nyuma yake. Mzigo ukikatika ndege inapotua vibaya, utamwendea yeye. Na popote wanapokaa, njia ya kufikia mlango na madirisha ya dharura ibaki wazi, hata kama maboksi mawili yatabaki uwanjani.

Mkanda mmoja umekatika, jirani yake hata haujakaza

Maana yake kazi haikugawanywa. Chanzo kinachotokea zaidi ni kuchanganya mnyororo na mkanda wa nailoni kwa upande uleule. Nailoni hurefuka, mnyororo haurefuki. Mzigo ukianza kwenda, mnyororo unabeba wote, na ukishindwa ndipo mkanda unapoanza kazi, peke yake. Kwa upande mmoja tumia kitu kimoja. Ukitaka minyororo mbele na mikanda nyuma, sawa.

Urefu nao una kazi ileile. Mkanda mrefu hurefuka zaidi ya mfupi, kwa hiyo jozi ziwe na urefu unaokaribiana.

Ukikuta umekatika kwa mstari mnyoofu kama wa kisu, tafuta ukingo wa chuma ulipopita. Kila kona kali iwekewe kinga: kipande cha bomba la mpira, mbao, hata blanketi lililokunjwa mara nyingi. Ukikuta umekatika kwa nyuzi zilizochanika ovyo na rangi imefifia, ni jua. Nailoni iliyoanikwa mwaka mzima juu ya kontena imeliwa na jua, na ikilowa inapungua nguvu zaidi. Mkanda wenye fundo utoe kazini palepale, ukaunganishwe na mwingine kwa kiungo chake halali au utupwe. Fundo linaweza kuondoa hadi nusu ya nguvu, na nimeona mafundo matatu kwenye mkanda mmoja. Mkanda ukataliwao ukatwe vipande viwili, usiachwe sanduku moja na mizima, kwa sababu kesho mtu mwenye haraka atauchukua.

Sakafu imebonyea

Tazama chini ya jenereta. Tuseme ina kilo 800 na miguu minne, kila mguu sentimita 5 kwa 5. Uzito wote umekaa kwenye sentimita za mraba 100, sawa na kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba. Sakafu ya ndege haikutengenezwa kwa hilo, na ndege ikitua kwa nguvu uzito huo unaongezeka papo hapo.

Tandika mbao. Ubao wa unene wa sentimita 5 unatawanya uzito kwa sentimita 5 hivi kila upande wa mguu. Mguu wa 5 kwa 5 unakuwa kama wa 15 kwa 15, na mgandamizo unashuka mara tisa. Ubao uwe mpana na mrefu kiasi hicho au zaidi, uwe mzima, usiwe na ufa. Vipande vidogo vinavyotosha mguu tu havitawanyi kitu. Ukiweka ubao, ufunge pamoja na mzigo, maana nao unaweza kuteleza.

Pikipiki na mikokoteni vinaumiza sakafu wakati wa kupanda kuliko wakati wa kukaa, kwa hiyo tandika njia nzima kutoka mlangoni.

Harufu ya mafuta, au kitu kinachuruzika

Hapa hakuna kujadiliana. Kupakia kunasimama, mhudumu wa ndege anaambiwa, na chanzo kinatafutwa kabla ya kingine chochote kuingia.

Kwa kawaida ni dumu lililojazwa hadi mdomoni. Huku chini lilikuwa sawa. Ndege ikipanda, shinikizo la hewa nje ya dumu linapungua, hewa na mvuke uliobaki ndani vinatanuka, na kifuniko kinatoa jasho. Acha nafasi juu ya mafuta, tumia madumu ya chuma au plastiki yaliyokusudiwa mafuta, yasimame, na vifuniko viwe juu ambapo jicho linafika. Jenereta na pikipiki zitolewe mafuta kama kitabu kinavyotaka, na waya wa betri utolewe na ncha zake zifungwe.

Dawa ya klorini ya kutibu maji, ile ya unga, isikae karibu na mafuta, vilainishi wala matambara yenye grisi. Vikikutana vinaweza kuwaka vyenyewe. Najua vyote viwili huagizwa na kituo kilekile na hufika kwa gari lilelile. Vitenganishe, na ikibidi visafirishwe kwa ndege mbili tofauti.

Kituo cha kwanza sawa, cha pili ndege imebadilika tabia

Safari ya vituo vitatu hupakiwa mara moja lakini inahesabiwa mara tatu. Mzigo wa kituo cha kwanza huwekwa mlangoni ili ushuke upesi, na ni sawa, lakini ukishashuka, kilichobaki kiko mbele na mafuta yamepungua. Pua iliyokuwa sawa wakati wa kuondoka sasa inainama. Jaza karatasi ya uzito kwa kila mguu wa safari kabla ya kuondoka, na kama mguu mmojawapo unatoka nje ya mipaka, panga upya ungali na foklifti na watu. Huko kilimani utakuwa na mikono miwili na rota inayozunguka juu ya kichwa.

Na kwa sababu vituo vya namna hiyo mara nyingi hushushwa injini zikiwaka: mlango mkubwa wa mizigo uko nyuma, na rota ya mkia iko nyuma pia, upande wa kushoto kwa Mi-17. Asisogee mtu wala gari mpaka mhudumu wa ndege amuite kwa mkono, na aliyetoka na mzigo anyooke kuelekea anakoonyeshwa bila kuzunguka mkia. Kabla ya kulegeza mkanda wa kwanza, hakikisha hakuna mtu aliyesimama upande ambao mzigo ungeangukia. Legeza wavu kuanzia juu, racheti moja baada ya nyingine, ukitazama rundo. Mkanda unaokaza ghafla wakati unaulegeza wenzake unakuambia mzigo ulishaegemea, na ni huo mkanda peke yake unaoushikilia. Uache huo, uegemeze mzigo kwa mbao upande wa kuegemea, kisha ndipo uuguse.

Mikanda yote ihesabiwe na irudi ndani na ndege ileile. Mguu unaofuata unaihitaji.